Kabla Hujamimina Oili ya Sinthetiki Kwenye Gari Lililotembea Sana

Ukizunguka kwenye gereji za Mpanda mjini swali hili hulikosi: "Fundi, Noah yangu imeshakula kilometa laki mbili na nusu. Nikiweka sinthetiki nitakuwa nimeiponya au nimeiua?" Fundi wa kwanza atakwambia usithubutu, itaanza kuvuja kila kona. Wa pili atakwambia weka tu, injini itakuwa kama mpya. Wote wawili wamekosea, na makosa yao yanawagharimu wenye magari fedha nyingi.

Injini kuukuu lakini nzima haidhuriki na sinthetiki, na nyingine hufaidika nayo sana. Injini iliyochoka haiponi kwa oili, hata uilipie bei gani. Na kwa sisi wa Katavi kuna jambo lenye uzito kuliko chapa yoyote ya oili, nalo ni vumbi. Nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu ndilo linalomaliza injini zetu.

1. Usiiamini odometa, iulize injini yenyewe

Magari yetu mengi yaliingia nchini yakiwa yameshatumika miaka kadhaa Japani, na kilometa zinazoonekana kwenye dashibodi zinaweza kuwa zimerudishwa nyuma kabla hujaliona gari. Watengenezaji wa oili huanza kuliita gari "la kilometa nyingi" likifika kama 120,000. Hiyo namba isikusumbue. Kinachohitajika ni kujua hali ya injini, na hilo unaweza kulifanya mwenyewe nyumbani.

Asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na injini ya baridi, vuta stiki ya oili na ujaze hadi alama ya juu. Andika kilometa. Tembea kilometa 1,000 kisha upime tena. Ikiwa imepungua robo lita au chini ya hapo, injini yako ni nzuri. Ikikaribia nusu lita, bado unaweza kuendelea, ila ukiwa macho. Ikila lita nzima, sahau habari ya sinthetiki kwa sasa: utakuwa unaichoma oili ya bei mbaya na kuitoa kwenye ekzosti.

Kisha washa injini, iache iungurume taratibu, ufungue kifuniko cha kujazia oili. Mvuke kidogo ni kawaida. Moshi unaosukuma kwa mapigo, hadi kifuniko ukikilaza juu ya tundu kinarukaruka, maana yake ringi za pistoni zimelegea na gesi za mwako zinapenya kwenda chini. Chungulia pia ndani ya kifuniko. Ukiona uji wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji ya rediata yanaingia kwenye oili. Lipeleke gari kwa fundi akague gasketi ya hedi kabla ya kununua chochote.

Moshi nao una lugha yake. Wa bluu unaotoka mara moja tu unapowasha asubuhi, kisha ukakoma, mara nyingi ni sili za valvu. Wa bluu unaotoka kila unapokanyaga mafuta kupanda mlima ni ringi. Mweusi kwenye gari la dizeli ni habari ya nozeli au hewa, oili haihusiki.

2. Ziba panapovuja kabla ya kubadilisha aina

Ile hofu ya kuvuja haikutoka hewani. Mobil 1 ilipoingia sokoni mwaka 1974, na nyingine za wakati ule, mafuta ya msingi yaliyotumika yalikuwa na tabia ya kusinyaza sili za mpira. Magari yakavuja kweli, na habari ikasafiri dunia nzima. Baadaye wataalamu wakaongeza viambato vinavyoufanya mpira ubaki laini, na leo oili haipewi alama ya ubora bila kupimwa inavyokaa na sili. Tatizo la miaka ya 1970 limeshatatuliwa, ila maneno ndiyo yamebaki.

Kinachotokea kwenye magari yetu ni kingine. Sili ya nyuma ya kranki imekauka na kupasuka miaka mingi iliyopita, na ufa wake umezibwa na tope la oili nzee. Unapoweka oili yenye nguvu ya kusafisha, lile tope linaondoka na ufa unabaki wazi. Sinthetiki haikuutoboa, imeufichua tu.

Kwa hiyo osha injini kwa nje, tembea siku mbili tatu, kisha ulale chini na tochi. Angalia gasketi ya kifuniko cha tapeti, sampu, na pale injini inapoungana na giaboksi. Gasketi ya tapeti ni kazi ya saa moja na bei yake ni ndogo. Sili ya nyuma ya kranki ni kazi kubwa kwa sababu lazima giaboksi ishuke; ikiwa inatoa tone moja moja tu, wengi huiacha hadi siku ya kubadilisha klachi, na sioni ubaya.

3. Sinthetiki na wepesi ni vitu viwili tofauti

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu anasema, "Sinthetiki ni nyepesi mno kwa gari langu." Si lazima iwe nyepesi. Ipo ya 5W-30, ya 10W-40, ya 15W-50, hata ya 20W-50. Unachopaswa kuchagua ni namba.

Namba ya kwanza, yenye W, inahusu baridi. Oili ya 20W inapimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na ya 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Hata ukilala Mwese kule milimani asubuhi ya Julai, huikaribii baridi ya namna hiyo. Kwa hiyo kuwaka kwa gari si sababu ya kununua 0W au 5W huku kwetu. Faida yake ni kwamba hupanda haraka hadi juu kwenye tapeti unapowasha, na sekunde hizo za kwanza ndizo zinazokwangua injini.

Namba ya pili ndiyo ya kazi: uzito wa oili ikiwa ya moto, kwenye nyuzi 100. Injini ndogo za Toyota kama 1NZ-FE ya Probox na IST zilitengenezwa kwa oili ya 30. Zina mfumo wa VVT-i unaoendeshwa na oili yenyewe kupitia njia nyembamba sana. Ukiimiminia 20W-50 kwa sababu "injini imezeeka", unazisumbua zile njia. Ikiwa inakula oili kidogo na jua la Oktoba linakutisha, panda hatua moja tu, hadi 10W-40. Injini kubwa za dizeli za zamani zimezoea 15W-40, ziache hapohapo.

4. Soma mgongo wa dumu

Mbele ya dumu ni matangazo. Geuza nyuma utafute herufi za API. S ni ya petroli: SL ya mwaka 2001, SN ya 2010, SP ya 2020, na ya baadaye hufaa pale ya zamani ilipotakiwa. C ni ya dizeli: CF-4, CH-4, CI-4. Dumu lisilo na herufi hizo, au lenye SF tu huku limeandikwa "sinthetiki" kwa maandishi ya dhahabu, liache dukani. Mimi ningechukua oili ya kawaida yenye SN kabla ya "sinthetiki" isiyotaja daraja lake.

5. Vumbi kwanza, oili baadaye

Lami imetufikia, na kwenda Tabora kupitia Inyonga sasa ni safari ya raha. Lakini gari la Katavi haliishi kwenye lami. Linaingia Mishamo, Mwese, Ikola, kwenye machimbo ya dhahabu, kwenye mashamba ya tumbaku na mpunga. Kuanzia Mei hadi mvua zinaporudi, vumbi jekundu linakaa hewani kama ukungu, na kila pumzi ya injini inalivuta.

Vumbi hilo lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Likiingia, linasaga ringi na kuta za silinda, kisha linashuka kwenye oili na kusaga bearing. Filta ya oili haizikamati chembe ndogo kabisa. Na oili ya sinthetiki, hata ile ya bei ya juu kuliko zote, haina namna ya kulizuia. Inabaki kulizungusha tu.

Fanya jaribio hili kesho asubuhi. Tafuta kipande cha kitambaa cheupe, kikavu. Fungua bomba linalotoka kwenye boksi la filta ya hewa kwenda kwenye injini, yaani upande wa baada ya filta. Zungushia kitambaa kwenye kidole, upanguse ndani ya bomba. Kikitoka kama kilivyoingia, au na weusi kidogo wa mafuta, umesalimika. Kikitoka na wekundu, hata hafifu, usinunue sinthetiki. Hela hiyo itafute mahali vumbi linapopenyea.

Linapenyea wapi? Klipu za boksi zimekatika na kifuniko kimefungwa kwa waya au mpira, kikaacha mwanya. Bomba la mpira limepasuka kwenye mikunjo yake, upande wa chini ambao huuoni hadi ulikunje kwa mkono. Filta si ya gari hilo; imefanana tu, lakini ukingo wake haukai sawasawa. Kwenye Land Cruiser, ule mdomo wa mpira ulio chini ya boksi, unaotema vumbi lenyewe, umeng'oka na hakuna aliyeurudishia.

Halafu kuna kompresa. Kijana wa gereji anaisogeza ncha ya upepo hadi igusane na karatasi ya filta na kupuliza kwa nguvu zote. Vumbi linaruka, mteja anafurahi, na karatasi imetobolewa vitundu visivyoonekana. Kama ni lazima kupuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, ncha ikiwa mbali. Kisha ingiza tochi ya simu ndani ya filta ukiwa kivulini. Mwanga ukichomoza kwa vinukta, itupe. Na barabarani usijibandike nyuma ya lori la mbele. Subiri vumbi lake litulie. Dakika chache unazopoteza ni ndogo kuliko gharama ya kufungua injini.

6. Ingia kwa hatua, usiruke

Gari lililotembea miaka mingi na oili ya kupima kutoka kwenye pipa limejaa tope ndani. Usiliamshe lote kwa siku moja. Zile dawa za kuosha injini kwa dakika kumi kabla ya kumwaga oili mimi sizipendi kwenye injini ya namna hii: tope likimeguka kwa mabonge linakwenda kuziba chujio la waya lililo ndani ya sampu, pale pampu inapofyonzea. Pampu ikikosa oili, injini inakufa wakati wewe bado unashangaa taa nyekundu.

Anza na oili nzuri ya kawaida yenye daraja linalofaa, pamoja na filta mpya, utembee kilometa 2,000 au 3,000. Mwaga. Rudia ikiwa iliyotoka ni nzito na chafu sana. Baada ya hapo weka sinthetiki na filta nyingine mpya, na mara ya kwanza usiiache zaidi ya kilometa 3,000 kwa sababu bado inasafisha.

Filta ya zamani usiitupe. Ikate kwa msumeno wa chuma, toa karatasi, uikamue na kuitandaza juu ya kitambaa cheupe juani. Weusi wa masizi ni kawaida. Vinukta vinavyometameta kama fedha au shaba ni chuma cha bearing kinachotoka. Ukiviona vingi, mwite fundi unayemwamini kabla hujasafiri tena.

Wenye Prado, Hilux na Hiace za injini ya 1KD-FTV wasikilize kwa makini zaidi. Injini hizo zina ugonjwa unaojulikana: washa za shaba chini ya nozeli zikilegea, masizi ya mwako yanaingia kwenye oili, yanagandamana na kuliziba chujio la sampu. Kabla ya kuhamia sinthetiki, shusha sampu, safisha chujio, badilisha washa. Hii haina njia ya mkato.

7. Umbali wa kumwaga oili usiuvute

Dumu la sinthetiki laweza kuandikwa kilometa 15,000. Ahadi hiyo ni ya barabara safi na mafuta safi. Vitabu vingi vya magari vinataka umbali upunguzwe hadi nusu pale gari linapotembea vumbini, likibeba mizigo mizito, au likienda safari fupifupi za mjini. Sisi tunafanya yote matatu. Kwa gari linaloshinda kwenye vumbi, kilometa 5,000 zinatosha. Kwa la mjini na lami, 7,000 ikiwa injini ni nzima na oili ni ya kweli.

Na usiihukumu oili kwa rangi. Ya dizeli huwa nyeusi ndani ya siku chache kwa sababu inabeba masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Inuse pia kwenye stiki: ikinukia petroli au dizeli, kuna mafuta yanayoshuka, na oili hiyo imeshapoteza uzito wake hata kama ni ya jana.

8. Nani anunue, nani aache

Sinthetiki mara nyingi huuzwa mara mbili ya oili ya kawaida au zaidi, kwa hiyo tuseme wazi.

Land Cruiser ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, inayobeba watalii wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, wagonjwa na viongozi: aache. Inameza lita 9 na zaidi kwa mara moja, haina joto la tabo, na 15W-40 ya CI-4 inaitosha kabisa. Tofauti ya bei inunue filta za hewa. Hilux na Hiace za 5L, vilevile. Fuso na Canter zinazobeba tumbaku na mahindi, vilevile, isipokuwa zenye tabo ambazo mwenyewe ana uhakika nazo.

Gari lenye tabo, kama Prado ya 1KZ-TE au hiyo 1KD iliyokwisha kurekebishwa: anunue. Tabo inazunguka kwa kasi kubwa ikiwa ya moto kupindukia, na oili ya kawaida huungua na kuacha ukoko kwenye shafti yake unapozima injini ghafla. Sinthetiki inavumilia joto hilo. Hata hivyo, ukifika kutoka safari ndefu, acha injini iungurume dakika moja kabla ya kuzima.

Mchomoko wa Probox au Noah unaopiga ruti kutwa: inategemea kidokezo cha kwanza. Injini ndogo kama hizo huchukua kama lita 4 tu, kwa hiyo gharama si ya kutisha, na kwa gari lisilokula oili ningeiweka bila kusita. Njia za VVT-i zinabaki safi na mnyororo wa taimingi unapata oili mapema asubuhi.

9. Bodaboda, oili ya gari si yako

Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini. Baadhi ya oili za magari, hasa za 30, zina viambato vya kupunguza msuguano, na klachi inaanza kuteleza. Tafuta alama ya JASO MA au MA2, iwe sinthetiki au ya kawaida.

10. Toboa dumu lako

Oili ya bei ndiyo inayoghushiwa. Nunua kwa muuzaji mwenye duka na risiti, angalia alama ya TBS, hakikisha lakiri ya kifuniko haijaguswa na namba ya toleo inasomeka. Bei ikishuka mno kuliko maduka mengine, jiulize kwa nini. Ukimaliza kumimina, toboa dumu tupu kwa bisibisi: dumu zima lenye lebo safi ndilo mtaji wa waghushi.

Ile iliyotoka, ikusanye kwenye dumu chakavu uwape wanaokusanya oili chafu. Usiimwage mtaroni. Maji ya mitaro yetu huishia mtoni na kwenye visima vya watu. Na wanaoipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa wavae glavu, kwa sababu oili iliyotumika ina sumu inayopita kwenye ngozi.

11. Ukiishiwa njiani, changanya

Hapa kuna uvumi unaoua injini: kwamba sinthetiki na ya kawaida zikikutana zinaganda. Oili zenye alama ya API hupimwa kuthibitisha kuwa zinachanganyika. Ukichanganya unapunguza ubora wa ile nzuri, basi.

Kwa hiyo taa ya oili ikiwaka ukiwa umeshavuka Sitalike, katikati ya hifadhi, zima injini mara moja. Usijikongoje "hadi pale mbele". Funga vioo kwa sababu ya mbung'o, na angalia pande zote kabla ya kushuka, wanyama wako hapo. Subiri dakika tano oili ishuke kwenye sampu, vuta stiki, ongeza oili yoyote ya injini uliyonayo au utakayopewa na basi linalopita, na uangalie chini kama kuna inayomwagika. Ukiwasha na taa ikazimika, endelea taratibu. Isipozimika ndani ya sekunde chache, zima na utafute gari la kukuvuta. Weka lita moja ya oili yako nyuma ya kiti kila unapotoka Mpanda, na ukifika mwisho wa safari mwage mchanganyiko huo mapema kidogo kuliko ulivyopanga.